Meno Aliyoyajua Mama

Epulu, tarehe 16 Machi 2025

Papa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku msituni. Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Leo ni Jumapili ya saba napiga saa tisa alasiri, saa yetu ileile, na simu yako inaita mpaka inachoka. Mara ya kwanza nilidhani uko kwenye mazishi ya mtu. Mara ya pili nikasema labda moto wa simu umekwisha na umeme hakuna. Sasa nimekosa kisingizio kipya cha kukutungia.

Nadhani najua unachokasirikia. Mwezi wa kwanza mliweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mama, na mimi sikufika. Nilikueleza, Papa. Kituo chetu cha afya kina wauguzi wawili tu, na mwenzangu alikuwa amejifungua siku ile ile ambayo surua iliingia kwenye nyumba za walinzi wa wanyama. Nisingeweza kufunga mlango na kuandika juu yake kwamba nimekwenda kumwona baba. Lakini najua pia kwamba ulisimama pale peke yako na watu wakauliza mtoto wa Berthe yuko wapi. Mtoto mwenyewe ni mmoja, hana ndugu wa kujificha nyuma yake.

Kama ni hasira, nigombeze. Nimezoea kugombezwa nawe tangu darasa la tatu, ulipokuwa mwalimu wangu na kunichapa fimbo mbili pale wenzangu walipochapwa moja, ili watu wasiseme unapendelea. Kunyamaza kwako ndiko sijakuzoea, na kunaniumiza.

Barua hii naipa Lambert, dereva wa gari la mbao, ambaye hupita mtaani kwenu Mbunya kila akifika Bunia. Anakuletea chupa mbili za asali ya msitu na karanga za kukaanga, zile unazopenda. Mpe jibu, hata la mistari miwili.

Binti yako,
Chantal


Bunia, Mbunya, tarehe 30 Machi 2025

Mwanangu Chantal,

Barua yako imefika, na chupa hazikuvunjika. Aksanti sana. Mwandiko wako umeharibika tangu uwe muganga. Ilibidi nivae miwani na kusogea dirishani. Darasa la tatu uliandika vizuri zaidi.

Sina hasira yoyote. Simu ndiyo mbovu. Inaita, lakini nikiipokea mtu wa upande wa pili hanisikii. Fundi ameifungua, ameitazama, ameifunga tena na kusema nirudi wiki ijayo, na wiki ijayo amesema hivyohivyo. Basi tuandikiane. Mimi na mama yako tulichumbiana kwa barua kati ya Mahagi na Bunia kwa miaka miwili, na hakuna aliyekufa.

Afya yangu ni nzuri. Ninakula vizuri. Jumapili baada ya misa ya kwanza tunakwenda kwa Gaspard kama kawaida, wazee sisi watano, tunazunguka sinia moja ya bugali na samaki, na Gaspard anadanganya kuhusu ujana wake. Masomo ya misa nimemwachia Evariste. Ni kijana mwenye sauti, na mimi nimesoma pale mbele miaka ishirini na minane, inatosha. Karanga zilikuwa tamu, zimekwisha. Asali ukipata nyingine utume, inanifaa sana kwenye uji.

Nyumba iko kimya. Miaka miwili sasa, na bado jioni nasikia mama yako akigongagonga kikombe kwenye beseni. Nageuka, na hakuna mtu. Sikuandikii haya ili uhuzunike, nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Usijisumbue kuja. Njia ya Komanda si nzuri.

Baba yako,
Athanase


Epulu, tarehe 21 Aprili 2025

Papa,

Nilisoma barua yako mara tatu na kulala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima ianze. Kumbe ni simu tu.

Basi hilo limekwisha. Lambert anakuletea simu mpya, nimeijaribu mwenyewe, sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Atakuhamishia humo kadi yako, namba ibaki ileile. Anakuletea pia chupa nne za asali na mfuko wa mahindi ya kukaanga, magumu kidogo lakini najua meno yako. Mama alikuwa akisema katika nyumba hii mwenye meno mazuri ni baba, sisi wengine tunabahatisha.

Jumapili saa tisa nitapiga. Umweleze Gaspard uwongo wake upumzike siku moja, wewe uende nyumbani mapema uongee na mtoto wako.

Chantal


Bunia, Mbunya, tarehe 18 Mei 2025

Mama Muganga Chantal,

Jina langu ni Alphonsine Katsuva. Nakaa nyuma ya ukuta wa matete wa papa yako, na nakaanga mandazi pale njia inapogawanyika. Ulinionaga kwenye matanga ya mama yako, ni mimi nilikuwa napika mboga ya sombe. Nitajaribu kuandika Kiswahili cha kanisani, ukiona makosa usimwambie muzee. Ningekupigia, lakini simu yangu ilianguka kwenye mafuta ya mandazi na ikaiva.

Mama, papa yako anakudanganya. Simu yake ya kwanza haikuwa mbovu, na ya pili si mbovu. Zote mbili ziko kabatini, chini ya mashuka. Jumapili saa tisa nasikia ikilia humo kabatini, na yeye amekaa kwenye kiti anaitazama ile kabati. Karanga zako walikula watoto wangu. Mahindi walikula kuku. Mimi ninasema ukweli hata kama mandazi yataungua.

Kwa Gaspard hajaenda tangu Noeli iliyopita. Kinywa chake ni kigonjwa. Kimevimba upande wa kushoto, kinapungua, kinavimba tena, na akisema maneno yanatoka yamefungwafungwa, ndiyo maana hapokei simu: ungemsikia tu ungejua. Na kinanuka, Mama. Nisamehe, lakini kama sikuandika hivyo hutaelewa. Kanisani mwezi wa pili mwanamke mmoja alijisogeza kidogo, halafu akachukua mkoba wake akahama benchi. Muzee aliona. Hakurudi tena. Sasa anasali na radio, mlango umefungwa.

Anakula uji tu. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji, na asali yako mpaka kijiko kinasimama. Anapaka asali hiyo kwenye fizi pia, anasema ni dawa. Anakunywa maji kama mtu aliyetoka Komanda kwa miguu, na chooni anaenda kila saa. Suruali anafunga na kamba.

Nilimwambia, "Muzee, weye unagonjwa mu kinywa, tuende lopitali." Akatia kitambaa kwenye mdomo, akanijibu, "Mutoto yangu ni muganga. Alishanisema iko uzee tu. Sasa weye wa mandazi unajua kumupita?"

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ni kweli ulisema hivyo?

Jirani yenu,
Alphonsine


Epulu, tarehe 1 Juni 2025

Papa,

Mama Alphonsine ameniandikia. Tafadhali usimkasirikie.

Nimekaa na barua yake siku nzima nikijaribu kukumbuka, na nimekumbuka. Ilikuwa Oktoba mwaka jana. Nilikuwa na mama mjamzito kitandani ambaye uchungu ulikuwa umesimama, na wewe ukapiga katikati ya wiki, kitu ambacho hufanyi. Ukasema fizi zinakuuma na ukiamka unakuta damu kwenye mto. Nikakujibu, "Papa, iyo ni uzee tu, meno ya bazee inaachiaka, inalegea. Sukutua na chumvi." Nikakata. Jioni nilikuwa nimeshasahau kama ulipiga.

Wewe hukusahau. Umebeba neno hilo miezi minane kama amri ya daktari, kwa sababu nina diploma uliyoitundika wewe mwenyewe ukutani. Papa, nitakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Miaka yote ya shule ya uuguzi tulifundishwa meno alasiri moja, na mvua ilinyesha, nusu ya darasa haikuja. Mimi sijui meno. Nilisema lile ambalo kila mtu anasema. Si kweli kwamba meno ya mzee lazima yaoze na fizi zake lazima zitoe damu. Ni ugonjwa, kama malaria ni ugonjwa, na unatibika.

Sasa nakuomba mambo matatu. Acha asali, yote, mpe Mama Alphonsine. Maji mengi na kukonda vinanitia hofu ya ugonjwa wa sukari, na sukari na fizi mbovu zinasaidiana kumla mtu. Nenda hospitali wapime damu yako. Na umwombe daktari wa meno akutazame kinywa.

Mnara wa simu wa huku umezimika tangu wiki iliyopita, hatujui mpaka lini. Lakini nitakuja. Kabla ya tarehe 30 Juni nitakuwa nyumbani. Nimeshaomba ruhusa.

Nisamehe, Papa.

Chantal


Bunia, Mbunya, tarehe 12 Juni 2025

Chantal,

Alphonsine ana kazi ya mandazi, angetosheka nayo.

Asali nimeiacha. Hospitali siendi. Daktari wa meno wa pale ni Davy, niliyemfundisha kusoma, nikamfuta na makamasi. Unataka nikalale kwenye kiti chake, nifungue kinywa, naye atazame ndani? Kuna mambo mwalimu hamwonyeshi mwanafunzi wake, na mengine baba hamwambii hata binti yake. Mama yako angeelewa.

Nimezika mke, nimezika marafiki, vita imepita juu ya paa langu. Kinywa hakitaniua.

Ukija, karibu nyumbani kwako. Ila usije kwa ajili ya kunitazama kinywa.

Athanase


Bunia, tarehe 13 Julai 2025

Mama Muganga,

Tarehe 30 Juni imepita na wewe hatukukuona. Najua njia imefungwa, hata unga wa mandazi ulichelewa kufika. Lakini nataka ujue kwamba muzee alifagia ua siku tatu mfululizo, akatoa kiti cha pili, akakipangusa, akakiweka karibu na mlango. Jioni ya tarehe 30 alikirudisha ndani.

Siku nne baadaye sikusikia radio. Niliingia nikamkuta kitandani na shingo imevimba mpaka kola haifungi, mwili moto, kinywa hakifunguki, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Nilipiga namba yako kwa simu ya Gaspard mara tano, haipatikani. Tulimweka kwenye pikipiki katikati ya dereva na Gaspard, wazee wawili wamekumbatiana mpaka hospitali.

Davy alikuja mwenyewe. Muzee akageuza uso ukutani. Davy akatoa watu wote, akabakisha mimi tu wa kushika beseni, akachuchumaa pale chini akamwambia, "Mwalimu, miye siko Davy wa darasa la kwanza sasa. Nionyeshe, tafazali, tutafanya polepole." Halafu muzee akafungua kadiri alivyoweza.

Mama, nilikuwa sijui, na nadhani hata wewe hukujua. Meno ya juu ya mbele ya papa yako si yake. Ni sahani ya bandia, meno sita, ya zamani sana. Hakuwa ameitoa tangu mama yako afe. Miaka miwili na zaidi, mchana na usiku, anakula nayo, analala nayo. Nyama ya kinywa ilikuwa imepanda juu ya kingo zake. Davy alipoitoa nililazimika kutazama dirishani. Chini alimng'oa meno manne yaliyokuwa yanaelea kwenye usaha. Walipima damu, na sukari ilikuwa juu sana, sawasawa na ulivyosema. Davy anasema ingepita siku mbili nyingine, uvimbe ungefunga njia ya pumzi.

Alilala hospitali siku tisa, na leo amerudi nyumbani. Ataishi. Siku ya tatu, alipoweza kusema, aliniuliza, "Mutoto ameshafika?" Nikamjibu yuko njiani. Nimekudanganyia mara moja, Mama. Usinifanye nirudie.

Alphonsine


Epulu, tarehe 3 Agosti 2025

Papa wangu,

Nilitoka kweli. Tarehe 26 Juni nilipanda gari la Lambert mpaka Mambasa. Tulikaa pale siku nne tukingoja wanajeshi wasindikize magari, kila asubuhi wanasema leo, kila mchana wanasema kesho. Siku ya tano wakasema hakuna raia anayepita, wao watabeba barua tu, na kituo kikanitumia mtu wa pikipiki kwamba kuna wajawazito wawili wananingoja. Nikarudi. Nilipaswa kukuandikia siku ileile. Sikuandika kwa sababu niliona haya, nikajiambia nitaandika nikiwa na habari njema. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kuipamba.

Nimeishi katika nyumba yako miaka kumi na minane na sikujua kama meno yako si yako. Kila jioni mama alikuwa anafunga mlango wa chumba chenu kwa muda, na mimi niliamini mnasali. Sasa najiuliza ni mambo mangapi mengine ya kwenu nimeyapita hivyohivyo.

Tangu barua ya Mama Alphonsine nimeanza jambo hapa. Kila mzee anayeingia kituoni, awe amekuja kwa mgongo au kwa homa, namwomba afungue kinywa. Wa kwanza alicheka, akasema, "Muganga, unataka kuninunua kama mbuzi?" Lakini alifungua. Yuko bibi mmoja anaitwa Gentille, anauza ndizi mbele ya kituo, namsalimia kila siku. Jino lake lilivunjika, ncha yake imemkata ulimi zaidi ya mwaka, kidonda kimekuwa kigumu. Nimemwandikia karatasi aende Bunia njia ikifunguka, na naogopa kwa ajili yake. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, nami niko mita ishirini kutoka kwake. Akasema, "Hakuna mutu aliniuliza."

Nilimaliza kazi, nikaketi stoo kwenye maboksi ya dawa, nikalia.

Papa, nataka kukuuliza, na unijibu kama ulivyo, si kama baba anayemhurumia mtoto. Lile neno nililokuambia mwezi wa kumi, ndilo lililokufungia ndani? Ulinikasirikia?

Chantal


Bunia, Mbunya, tarehe 24 Agosti 2025

Mwanangu Chantal,

Umeniuliza nikujibu nilivyo, nami nitajaribu, ingawa katika maisha yangu nimezoea zaidi kuuliza maswali kuliko kuyajibu.

Kwanza ujue kuhusu hiyo sahani. Ulikuwa mdogo sana. Nilikuwa natoka kusahihisha mitihani ya jimbo, baiskeli ikaingia shimoni, na meno yangu yakabaki kwenye usukani. Mwalimu bila meno ya mbele mbele ya watoto hamsini, fikiria mwenyewe. Fundi mmoja ng'ambo ya mpaka wa Uganda alinitengenezea haya, na nikarudi darasani kabla watu hawajajua. Mama yako peke yake ndiye aliyejua. Kila jioni nilikaa kitandani nimegeukia ukuta, nikaitoa na kumpa kwa nyuma bila kutazama. Yeye aliisugua kwa sabuni na mswaki mdogo, akaiweka kwenye kikombe cha maji na kufunika. Asubuhi alinirudishia kabla sijamwambia umeamkaje. Miaka yote hiyo hakuwahi kunitania nayo, na unajua mama yako alivyopenda kutania.

Alipokufa, jioni ile baada ya watu kuondoka, nilikaa kitandani nikageukia ukuta, nikaitoa, nikanyoosha mkono nyuma. Hakukuwa na mtu wa kuipokea. Nikairudisha kinywani. Sikuitoa tena.

Hilo lilikuwa kosa langu, si lako. Davy amenieleza bila kunicheka: hata mtu asiye na jino hata moja kinywa chake kinahitaji kusafishwa, na kitu cha bandia lazima kilale nje ya kinywa. Sasa fizi zangu nazipangusa mwenyewe asubuhi na jioni kwa mswaki laini. Nameza dawa ya sukari. Fizi zikipona atanitengenezea meno mengine, na kila baada ya miezi sita niende anitazame. Ameniambia ana wazee wengi wanaoletwa kama nilivyoletwa mimi, wamechelewa, na wote wanasema walidhani ni uzee.

Gaspard alikuja Jumapili na sinia. Nilimfukuza. Akakaa. Nikala mbele yake bugali laini na mchuzi, naye akatazama kalenda ya ukutani muda wote, kama mtu anayetafuta sikukuu. Alipoona nimemaliza akageuka, tukaongea. Jumapili ijayo nitakwenda kwake. Kanisani bado sijaenda. Yule mama aliyehama benchi hakukosea, lakini bado sijaweza.

Sasa swali lako. Ndiyo, nilikukasirikia. Si kwa kuniambia ni uzee. Neno hilo hata lilinifariji kidogo, maana uzee hauna aibu. Nilikukasirikia kwa sababu ulilisema haraka na kukata simu, nami nilikuwa bado sijamaliza. Siku ile nilifunga mlango ili Alphonsine asisikie. Tangu asubuhi nilikuwa najizoeza jinsi ya kukuambia kuhusu sahani, kwamba mama yako hayupo na sijui niifanyeje, unisaidie. Nilianza na habari ya fizi kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Nikadhani utaniuliza, "Halafu, Papa?" Ulipokata nilibaki na simu sikioni muda mrefu. Nilijua una wagonjwa. Nilijua, na bado niliumia. Baada ya hapo nilifanya kiburi, Jumapili nikakuongelesha mambo mengine tu, na mwaka ulipogeuka na maneno yakaanza kufungwa kinywani, nikasema kama hataki kusikia, basi hatasikia, nikaweka simu kabatini. Hapo ndipo nilipojifungia, na ufunguo ulikuwa kwangu.

Nimekusamehe zamani, hata kabla hujaomba, ila sikujua jinsi ya kukuambia bila kufungua kinywa.

Wanasema njia itafunguliwa mwezi ujao. Njoo. Usibebe kitu chochote, wala dawa, mimi zangu ninazo. Omba siku nyingi, si mbili. Siku hizi ninakula polepole sana, sahani ndogo ya bugali inanichukua saa nzima, na watu wote huwa wameshanawa na kuondoka. Wewe ukae mpaka nimalize.

Baba yako,
Athanase